Majiko ya induksheni yanayofanana: pima moto mdogo kabla ya kusoma wati

Pita Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu, au ingia maduka ya vifaa vya stima katikati ya Nakuru, utayakuta yamepangwa rafu moja: vibao vyeusi vya kioo, duara limechorwa katikati, vitufe mbele, waya nyuma. Moja limeandikwa wati 2000. La pili wati 2000. La tatu wati 2200. Bei zinapishana kwa elfu moja, labda mbili. Muuzaji akiulizwa tofauti ni nini, atakuambia hili ni kali zaidi, au hili linatoka sana. Mteja anachukua lenye wati nyingi kwa pesa kidogo, na baada ya muda analalamika kwamba maziwa yanashika chini na chapati zinaiva katikati tu.

Tofauti zipo, na ni kubwa. Shida ni kwamba ziko chini ya kioo, na boksi halizitaji. Majiko mengi ya aina hii hutoka viwanda vya mkoa wa Guangdong nchini China, na kiwanda kimoja kinaweza kutengenezea kampuni kadhaa, kila moja ikibandika jina lake. Kwa hiyo jina peke yake halikupi jibu. Jibu utalipata kwa kuliwasha jiko na kuliangalia linavyofanya kazi.

Lakini kabla ya hayo yote, hakikisha unachokiangalia ni induksheni kweli. Rafu hiyohiyo huwa na majiko ya infraredi, na kwa macho ni vigumu kuyatofautisha. Jiko la infraredi lina waya unaowaka mwekundu chini ya kioo. Waya unapasha kioo, kioo kinapasha sufuria. Induksheni haina kitu kinachowaka. Ndani yake kuna koili, waya wa shaba uliozungushwa bapa, na umeme unaopita humo hubadili mwelekeo zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Nguvu ya sumaku inayotokea hapo inaamsha mikondo ya umeme ndani ya kitako cha sufuria. Chuma kinaikinza mikondo hiyo, na ukinzani huo ndio unaoleta joto. Joto linazaliwa kwenye sufuria yenyewe, ndiyo maana takriban asilimia 85 ya stima unayoilipia inafika kwenye chakula, na ndiyo maana kioo kilicho kando ya sufuria hakipati moto wa kutisha. Kuyatenganisha dukani ni rahisi: mwambie muuzaji aliwashe bila kuweka kitu juu. La induksheni litalia na kukataa kufanya kazi. La infraredi litaanza kung'aa jekundu.

Infraredi si jiko baya. Linapika na sufuria yoyote, na kwa mtu ambaye hana mpango wa kununua vyombo vipya linaweza kumfaa. Ila linakula stima zaidi kwa kazi ileile, na kioo chake hubaki cha moto muda mrefu baada ya kuzimwa, jambo la kuangalia sana kwenye nyumba ya chumba kimoja yenye watoto.

Suala la vyombo ndilo linalowakwaza wengi. Sufuria zetu za kila siku ni za aluminiamu, ziwe zile nyepesi za kiwandani au zile nzito zinazotoka kwa mafundi wa jua kali. Jiko la induksheni halizitambui. Beba sumaku, hata ile inayotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa, uiguse kwenye kitako. Ikishika kwa nguvu, chombo kitafanya kazi. Ikishika kwa kulegea, kitapika kwa kusuasua. Isiposhika, kiache. Usidanganyike na neno stenlesi pekee, kwa maana kuna chuma cha pua kinachovutwa na sumaku na kingine kisichovutwa, na zote mbili zinang'aa sawa. Sufuria za enameli, zile za chuma kilichopakwa rangi ngumu, hufanya kazi vizuri, na vikaango vya chuma cha kusubu pia. Kuna sahani za chuma zinazouzwa ili uzitandike chini ya sufuria ya aluminiamu. Mimi sizipendekezi hata kidogo: zinageuza induksheni kuwa jiko la koili la kawaida, lile la waya unaowaka, na joto lake linarudi chini kwenye kioo na vifaa vya elektroniki ambavyo havikuundiwa kuchomwa hivyo. Hesabu sufuria mbili au tatu zenye kitako kinene kama sehemu ya bei ya jiko. Ukiona pesa hazitoshi vyote viwili, heri jiko la bei ya kati na sufuria nzuri kuliko jiko la bei ghali na sufuria nyepesi.

Sasa wati. Chukua lita 2 za maji ya ugali, za joto la kawaida la nyumbani. Kwa jiko la wati 2000 linalofikisha asilimia 85 ya nguvu hiyo kwenye maji, yatachemka kwa dakika 6 hivi. Kwa jiko la wati 2200, dakika 5 na nusu. Hiyo nusu dakika ndiyo yote unayoinunua unapolipia namba kubwa. Ukishaweka unga, wala huhitaji wati 2000 tena: unateremsha moto, unasonga, unageuza, unafunika. Sehemu kubwa ya upishi wetu huendeshwa kwa moto wa kati na wa chini, na hapo ndipo majiko haya mawili yaliyofanana rafuni yanapoachana kabisa.

Jiko likionyesha wati 200 kwenye skrini, mara nyingi halitoi wati 200 hata kidogo. Linatoa wati 1000 kwa sekunde 2, kisha linanyamaza sekunde 8, kisha wati 1000 tena. Ukipiga wastani ni 200, lakini sufuria haipiki kwa wastani. Inapigwa moto mkali, inaachwa, inapigwa tena. Sababu iko kwenye gharama za utengenezaji. Majiko ya bei nafuu hutumia transista moja kubwa kuwasha na kukata mkondo wa koili. Transista hiyo inafanya kazi vizuri kwa nguvu kubwa, lakini ikilazimishwa kwenda kwa nguvu ndogo mfululizo inapata joto jingi na kuharibika, kwa hiyo kiwanda kinaamua iwe inazimwa na kuwashwa. Jiko lililotengenezwa vizuri zaidi hushuka mfululizo hadi wati 500 au chini kidogo kabla ya kuanza kukatakata, na hata likianza, vipindi vyake ni vifupi.

Ukitaka kuuona mchezo huu, weka nusu lita ya maziwa kwenye moto wa chini kabisa. Jiko la kukatakata litaanza kunguruma, povu litapanda kufuata ukingo wa sufuria, kisha mngurumo unakatika ghafla. Povu linashuka na kuacha utando ubavuni. Unahesabu pole pole, moja, mbili, tatu, hadi saba au nane, mngurumo unarudi na povu linapanda tena. Mimina maziwa hayo baadaye utazame chini: utakuta duara la kahawia limejichora pale koili ilipo, hali maziwa yenyewe hayakuwahi kuchemka sawasawa.

Kwa mtu anayekaanga mayai asubuhi na kuchemsha maji ya chai, hilo halina uzito. Kwa jikoni za magharibi ya Kenya lina uzito sana. Mboga za kienyeji kama managu na saga huchemshwa, hutiwa maziwa, huachwa yajipike taratibu na kurudiwa kesho yake mpaka ule uchungu uishe. Samaki wa mchuzi anataka moto unaotetemesha tu, vinginevyo anavunjika. Wali unamalizikia kwa moto ambao karibu haupo. Vyakula hivi vinaharibiwa na jiko la kukatakata, na mpishi atajilaumu bure akidhani ameshindwa kuzoea kifaa kipya. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha kwanza, na jiko lisilokipita sioni sababu ya kulinunua kwa punguzo lolote.

Dukani hutapewa nafasi ya kuchemsha maziwa, lakini maji yanatosha. Omba waweke maji kidogo kwenye sufuria inayokubalika, yachemke, kisha washushe hadi namba ya chini kabisa. Tazama mapovu na utege sikio. Mapovu yakija na kwenda kwa vipindi virefu, umeshajua. Ukitaka kuhakikisha nyumbani kwamba jiko linavuta kweli wati zilizoandikwa, mita ya tokeni inakusaidia. Ina taa ndogo nyekundu inayomweka, na kando yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila yuniti. Kwa mita iliyoandikwa 1000, jiko likivuta wati 2000 taa humweka kila baada ya sekunde 1.8, vitu vingine vyote vikiwa vimezimwa.   

Sufuria yenye kitako kinene hupunguza makali ya tatizo hili, maana chuma kizito hukaa na joto wakati koili imenyamaza. Hupunguza tu, haiondoi.

Jambo la pili lililofichwa ni upana wa koili. Duara lililochorwa juu ya kioo ni mapambo na alama ya mahali pa kuweka sufuria. Halisemi koili ni kubwa kiasi gani. Jiko lenye duara la sentimita 20 linaweza kuwa na koili ya sentimita 15. Kwa sufuria ndogo hutaona shida, lakini weka kikaango cha chapati cha sentimita 28 na utaona: katikati kuna mviringo unaobabuka, pembeni pamebaki peupe, na unalazimika kuizungusha chapati kila mara ili iive. Pima hivi: mimina maji membamba, kama unene wa ukucha, kwenye chombo kipana, uwashe moto wa kati. Mapovu ya kwanza yatachora pete, na pete hiyo ndiyo koili yako. Usiliache jambo hili kama unapikia watu sita ugali kwenye sufuria pana. Liinue pia jiko mkononi. Jiko zito mara nyingi lina koili kubwa na shaba zaidi, ingawa hicho ni kidokezo tu.

Halafu kuna namba za joto. Majiko mengi hukupa njia mbili: kuchagua wati au kuchagua nyuzi za joto. Kihisi cha joto ni kidude kidogo kilichobanwa chini ya kioo, katikati. Kinapima kioo. Mafuta yako yako juu ya kioo na juu ya kitako cha sufuria, na habari zake zinakifikia kihisi zikiwa zimechelewa. Ndiyo maana ukiweka 180 mafuta yanaweza kuwa yamepita hapo au hayajafika. Itumie kama mwongozo wa kukaangia, usiitegemee kwa usahihi. Kwa chochote chenye maji, tumia wati. Kuweka nyuzi 100 ili maji yachemke hakuna maana hapa kwetu: Kisumu, kwenye kimo cha mita 1,130 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 96, na Nakuru, mita 1,850 hivi, karibu na 94.

Kihisi hichohicho ndicho kinacholizima jiko likiona hatari, na hapo tena majiko hutofautiana. Kikaango cha chapati hukaa kikavu na cha moto sana kwa muda mrefu. Jiko lenye kihisi kioga litakata katikati ya chapati ya tano, lisubiri lipoe, ndipo liendelee. Kikaango chepesi cha chuma nacho huvimba katikati kikipata moto, kinaacha kugusa kioo vizuri na kumchanganya huyo kihisi. Ukipika chapati kila Jumapili, muulize mtu anayelitumia jiko la aina hiyo swali hilo moja tu.

Na ikiwa chakula chako kikuu ni maharagwe na githeri, nitasema wazi: usinunue induksheni kwanza. Nunua jungu la umeme la presha. Huko Nakuru maji yanachemkia nyuzi 94, na maharagwe yatakaa motoni muda mrefu juu ya jiko lolote lile. Jungu la presha hupandisha joto kupita hapo, limefunikwa pande zote lisipoteze moto, na linajizima lenyewe. Majiko mengi ya induksheni pia hujizima baada ya saa 2 hivi yasipoguswa, kwa hiyo githeri itakusumbua.

Vitufe havinipi shida sana. Vya kugusa juu ya kioo vinasafishika kirahisi lakini havipendi mikono yenye maji au unga. Vya kubonyeza vinavumilia mikono hiyo, ila ule utando wake huchanika. Cha kuzungusha ndicho kinachofurahisha kuliko vyote, ukikipata. Kwa ugali, angalia kioo kisiwe cha kuteleza mno, na ununue sufuria yenye mikono miwili, kwa sababu kusonga kwa nguvu juu ya kioo laini kunaisukuma sufuria huku na huku.

Stima yenyewe inataka uangalifu. Jiko la wati 2000 kwenye volti 240 linavuta zaidi ya ampea 8. Plagi zetu za pini tatu bapa zina fyuzi ya ampea 13, kwa hiyo jiko peke yake kwenye soketi ya ukutani halina neno. Likiwekwa pamoja na birika la wati 2000 kwenye ekstensheni moja, mzigo unafika karibu ampea 17, na ekstensheni ya bei nafuu itaanza kunuka plastiki kabla fyuzi haijakatika. Jiko lililokuja na plagi ya pini mbili na adapta juu yake liache hapohapo, hasa lisipokuwa na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Volti za jioni nazo huyumba mitaa mingi, zinashuka watu wakiwasha taa na kupika, na stima ikipotea hurudi kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kinachoua ile transista. Wengi wanajaribu kulilinda jiko kwa gadi ya friji, kile kifaa cha kukinga dhidi ya volti zinazoyumba, na hapo wanakosea kipimo: gadi nyingi za friji ni za ampea 5, jiko linataka 8 na zaidi. Tafuta iliyoandikwa ampea 13. Stima ikipotea, toa plagi, rudisha baada ya dakika chache.

Chini ya jiko kuna feni inayovuta hewa ya kupoza koili. Acha nafasi pande zote, usiliweke juu ya kitambaa au karatasi ya plastiki, na usichomoe plagi mara tu unapomaliza kupika, acha feni izunguke mpaka inyamaze. Mende wanapenda sana joto la mle ndani, na wakifia juu ya vifaa vya elektroniki wanaunganisha njia zisizofaa kuunganishwa. Usiku lisimamishe au lifunike, mahali pakavu mbali na makombo. Kama nyumbani kuna mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, shirika la British Heart Foundation la Uingereza linashauri asikaribie jiko la induksheni linalofanya kazi kwa chini ya sentimita 60.

Kuhusu tokeni, chukua ujumbe wako wa mwisho, gawa pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata, ukijumlisha kodi zote. Hiyo ndiyo bei yako halisi. Tuseme ni shilingi 28. Mtungi wa gesi wa kilo 6 una nishati ya yuniti 77 hivi, lakini ukichukulia kwamba asilimia 40 tu ndiyo inayoingia kwenye chakula, kazi hiyo induksheni ingeifanya kwa yuniti 36 hivi, yaani karibu shilingi 1,000. Linganisha na bei ya kujaza mtungi mtaani kwako. Ila kumbuka ngazi za bei zilizoanza Aprili 2023: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100. Nyumba iliyokuwa na taa na televisheni tu ikianza kupikia yuniti moja na nusu kwa siku inaongeza 45 kwa mwezi, na bei ya kila yuniti inapanda nayo. Piga hesabu kwa bei ya ngazi utakayohamia. Na kama unaishi kwa nyumba ya kupanga ambako stima imejumlishwa kwenye kodi, zungumza na mwenye nyumba kabla hujanunua, kwa sababu wengi wanakataza majiko ya koili na hawayatofautishi na induksheni.

Mwisho ni fundi. Uliza kama kuna mtu Kisumu au Nakuru anayetengeneza jina hilo, au kama jiko hupakiwa hadi Nairobi na kukaa huko wiki kadhaa. Hilo tu linaweza kuhalalisha ile elfu moja ya ziada. Mwambie muuzaji aandike namba ya jiko kwenye risiti, na waranti ipigwe muhuri wa duka. Wiki ya kwanza lipikie vyakula vigumu bila kuliogopa, maziwa, chapati, sufuria kubwa ya ugali, samaki wa mchuzi, wakati duka bado linaikumbuka sura yako na boksi bado liko chini ya kitanda.